Nilivyochagua diski za breki za GT86 yangu ya uwanjani

Toyota GT86 ni gari jepesi, kama kilo 1,240 hivi, na breki zake za kiwandani zinatosha kabisa kwa barabara za kila siku. Kwenye uwanja wa mbio za magari ni habari nyingine. Mimi hukimbizia yangu Snetterton, huku Norfolk, Uingereza, kwenye mzunguko wa karibu kilomita 4.8. Mahali panapozitesa breki kuliko kote ni mwisho wa Bentley Straight, ambapo unafika umekanyaga mafuta mpaka chini, kisha kona ya Brundle inataka upunguze mwendo papo hapo. Raundi za mwanzo gari linashika vizuri. Baadaye pedali ikawa inazama, na diski zenyewe, yaani sahani za chuma zinazobanwa na vibao vya pedi ili gurudumu lipunguze mwendo, nilipozipima, zilikuwa zimekaribia unene wa mwisho ulioandikwa kwenye chuma chake. Lazima ninunue nyingine. Lakini zipi?

Wauzaji huanza na sura: matundu, mifereji, rangi ya dhahabu. Mimi nilianza na joto, kwa sababu kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari pamoja nami ni kama kilo 1,320. Likiwa kilomita 180 kwa saa, limebeba nishati ya takriban juli milioni 1.65. Nikilishusha hadi 90 inabaki robo yake tu, na zile robo tatu zimeingia kwenye chuma. Magurudumu ya mbele yakichukua asilimia 70 ya kazi hiyo, kila diski ya mbele inameza karibu juli 430,000 kwa sekunde chache. Diski ya kilo 7 ikimeza hizo, joto lake linapanda kama nyuzi 130. Hapo ni kukanyaga breki mara moja tu, na kabla haijapoa kona nyingine imeshafika.

Basi swali likawa: diski zangu zinafika nyuzi ngapi? Kuna rangi maalumu ya kupima joto, ya bei ndogo, unayopaka ukingoni mwa diski. Ya kijani hugeuka nyeupe ikifika nyuzi 430, ya chungwa hugeuka njano kwenye 560, nyekundu hugeuka nyeupe kwenye 610. Nikapaka mistari mitatu, nikakimbia kama kawaida yangu, nikavua magurudumu jioni. Kijani ilikuwa nyeupe tupu, chungwa haijabadilika, nyekundu vilevile. Yaani joto la juu kabisa lilikuwa kati ya 430 na 560, na chuma kizuri kinalihimili hilo.

Kuzama kwa pedali kulitoka kwingine. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 4, yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka huzaa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana pedali inakwenda chini bila gari kusimama. Nikaweka mafuta ya mashindano yanayochemka zaidi ya nyuzi 300, na pedi za uwanjani. Nasema hili kwa msisitizo: mtu asiyeshughulikia mafuta na pedi asinunue diski za bei kubwa.

Sasa diski. Kwanza ukubwa. Za mbele ni milimita 294, na vifaa vya kuweka kubwa zaidi vipo tele. Diski kubwa ina chuma kingi cha kubeba joto, lakini haifupishi breki moja ya ghafla, kwa sababu mwisho wa yote ni tairi kushika lami. Tena inadai vishikio vipya vya kalipa (kile kibanio kinachosukuma pedi dhidi ya diski), rimu inayoizunguka bila kugusa, na inasukuma kazi zaidi mbele hadi breki za nyuma zibaki zinasindikiza tu. Rangi ilishaniambia siihitaji. Nikabaki na 294. Kama ile nyekundu ingegeuka, ningeamua tofauti.

Rafiki yangu wa Mombasa, mwenye gari la Subaru Impreza, alinipigia: “Kaka, mbona umeacha zenye matundu? Si Porsche wanazo?” Nikamweleza. Matundu hupunguza uzito na husaidia kwenye mvua, lakini kwa chuma kinachopashwa na kupoa siku nzima, mdomo wa kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia. Na kila tundu ni chuma kilichoondolewa, chuma kilekile nilichotaka kibebe joto. Nikachukua zenye mifereji: inakwangua uso wa pedi na kutoa vumbi na gesi. Zinakula pedi haraka kidogo na zinavuma ukikanyaga kwa nguvu. Hayo nayakubali.

Kitu nilichokipa uzito kuliko mifereji hakionekani ukitazama gari kwa nje. Ni mapezi ya ndani, kati ya nyuso mbili za diski. Yakiwa yamepinda, diski inavuta hewa katikati na kuitupa nje kama feni, kwa hiyo ya kushoto na ya kulia hazifanani. Gurudumu likienda mbele, mapezi yanapaswa kulalia nyuma. Wengi hutazama mifereji kujua upande, tazama mapezi.

Nikaongeza pesa kwa diski za vipande viwili, pete ya chuma chenye kaboni nyingi juu ya kofia ya alumini. Pete ikipata moto inatanuka kwa uhuru bila kupinda kama sahani, na ikiisha nanunua pete peke yake. Za seramiki, zile ambazo Porsche waliziweka kwenye 911 GT2 mwaka 2001, sikuzifikiria kwa bei yake.

Kabla ya kufunga nilisugua habu, kitovu cha gurudumu ambapo diski inakaa, mpaka kutu yote ikatoka, nikapima kuyumba kwa diski kwa geji hadi kukawa chini ya milimita 0.05. Kisha nikazizoesha pedi na diski kwa kukanyaga breki kwa nguvu ya wastani, nikiiongeza polepole, bila kusimama kabisa. Mtetemo ambao watu huita diski kupinda mara nyingi ni utando wa pedi uliokaa vibaya juu ya chuma. Ndiyo maana baada ya kila kipindi cha kukimbia napiga raundi nzima ya kupoza, na nikiegesha sivuti breki ya mkono.

Nilipopaka rangi tena, kijani iligeuka nusu tu, na pedali inabaki juu mpaka mwisho wa kipindi. Nyufa ndogo za nywele zimeanza kujitokeza usoni mwa pete, jambo la kawaida kwa chuma cha uwanjani. Nazikagua kila nikivua magurudumu, na ufa wa kwanza utakaofika ukingoni, pete hiyo inatoka.