Said Ahmed Mohamed, Mpemba aliyeandikia mbali

Jana usiku nimemaliza kuisoma tena riwaya ya Utengano, na Maimuna bado hajanitoka kichwani. Shuleni nilimchukia tu Bwana Maksuudi, anayemfungia bintiye huyo Maimuna ndani huku mwenyewe akihangaika na wanawake nje. Safari hii nimemwaza zaidi aliyeiandika.

Said Ahmed Mohamed alizaliwa Pemba mwaka 1947. Akawa mwalimu, akasomea uzamivu Leipzig, akafundisha Kenya na Japani, kisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Na huko kote hakuacha kuandika kwa Kiswahili! Diwani yake Sikate Tamaa ilitoka 1980, mwaka uleule wa Utengano, kwa hiyo ushairi na riwaya kwake vilikwenda pamoja tangu mapema.

Lakini kwangu mimi kali kuliko zote ni riwaya yake Babu Alipofufuka ya 2001. Mzimu wa babu unamwandama mjukuu wake, kigogo serikalini, mpaka anakosa pa kujificha. Aliyeishi ughaibuni ndiye aliyeyaona ya nyumbani kwa ukali namna hii, na inaniuma kwamba wengi wetu tuliishia kwenye kitabu cha mtihani. Walimu wa fasihi, tafadhali wapeni wanafunzi wenu na hiki.