Sekunde 60 za mama mkwe

Watu wakisikia mume wangu ni afisa wa wanamaji na yuko nje, wananipa pole ya bahari. Bahari gani jamani, mwaka mzima yuko kozi China, mji unaitwa Dalian, huko kaskazini kwenye ncha ya rasi ya Liaodong, bahari imezunguka pande tatu na yeye anaiangalia dirishani akiwa darasani. Kilichotusumbua sisi ni simu.

Kule WhatsApp imefungwa tangu 2017. Kuna wanaotumia VPN, ile ya kuruka kizuizi cha mtandao, ila yeye akasema mie ni mgeni kwenye jeshi la watu, sitaki kesi. Haya, nikaingia WeChat, ndo WhatsApp ya Wachina. Kumbe ile huingii tu kama unaingia gengeni, wanataka mtu anayeitumia siku nyingi askani msimbo kwenye simu yako akudhamini, na akaunti ya baba watoto ilikuwa bado mpya ikakataa. Nikapanda pantoni kutoka Kigamboni, nikachukua daladala mpaka Kariakoo, nikaanza kuuliza duka hadi duka kama natafuta mdhamini wa mkopo. Duka la tatu nikapata kaka mmoja anafuata mizigo Guangzhou, akacheka sana, akaskani, nikaondoka na pochi ambayo sikuihitaji maana niliona aibu kutoka mikono mitupu.

Tunapishana masaa matano, wao wako mbele. Mie nikimaliza kazi zangu saa mbili usiku, kwake saa saba, kalala. Kwa hiyo simu yetu ni saa kumi jioni, watoto ndo wanavua viatu vya shule, na kule ni saa tatu usiku kashapiga pasi magwanda ya kesho.

Sasa mama mkwe. Yeye ni mtu wa Pangani, simu za kuonana hazitaki, anataka voisi. Na voisi ya WeChat mwisho wake sekunde 60. "Mwanangu hujambo, u hali gani, baridi vipi, wenzio hawajambo, na walimu wako, chakula unapata, unaswali..." pu, imekatika, na jambo lenyewe hajaligusa. Anabonyeza tena, na anaanza tena na salamu, maana huyu bibi hawezi kuingia ndani bila hodi. Mwenzangu anaamka anakuta vidoti vyekundu kumi na moja, na anazisikiliza zote, nyingine mara mbili.

Februari ndo mwanangu wa pili akaanguka kwenye mwembe akavunjika mkono. Baba yake alikuwa na mitihani, tukakubaliana mimi na bibi tusimwambie, saa kumi ikifika tunamkalisha mtoto ule upande wenye hogo unajificha nyuma ya dada yake. Wiki nzima tumefanya sinema hiyo! Siku ya nane nikaacha simu mezani nikaenda kugeuza samaki, narudi nakuta kuna voisi imetumwa, sekunde nne: "Baba nimevunjika mkono ila usiseme kwa mama." Nikakimbilia kuifuta, haikubali, ukishapita dakika mbili basi tena.

Akapiga hapo hapo. Nikajua leo nitasomewa. Hakunigombeza, aliuliza tu mkono upi, halafu akanyamaza kidogo, halafu akasema mlete. Akamwambia sogeza hogo karibu na kamera, zungusha, hiyo picha kachora nani, hiyo ni meli au kiatu. Walikaa nusu saa kwenye hilo hogo, bando langu la wiki likaisha, samaki wakaungua. Mwisho akaniambia taratibu, mama fulani, mitihani nitarudia, haya usinifiche. Nikamuuliza na wewe je, mbona juzi ulikuwa unakohoa unasema vumbi, vumbi gani na nje kuna theluji? Akacheka akakata simu. Hajajibu mpaka leo na nitamuuliza tena.

Hogo lilitolewa mwezi wa tatu. Mtoto kagoma lisitupwe, kasema baba hajaliona kwa macho, na baba anarudi mwezi wa saba. Liko uvunguni kwenye mfuko, linanuka kama soksi za mvua, na bibi kila akifagia analisogeza pembeni halafu analirudisha palepale.