Mlifika?

Jumapili, usiku

Wiki hii mama kafanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto na umeenda salama, wakaguzi wamekuja shuleni wakaondoka, na baba watoto kapata ile barua ya uhamisho tuliyoisubiri tangu mwaka juzi. Nimeyataja yote kwa mkupuo ili niyamalize, maana si hayo yanayoninyima usingizi. Ni swali nililoulizwa Jumanne mchana, mlangoni mwa darasa, nikiwa nimekumbatia madaftari 60.

"Madamu, ile mada mlifika?"

Ni yule binti niliyewaandikia mwezi wa kwanza kwamba karudi shule baada ya kujifungua, na mtoto anabaki na bibi yake. Sikumwelewa. Nikamuuliza mada ipi.

"Ile ya uzazi. Nilikuuliza mwaka ule, ukasema tutafika."

"Tulifika," nikamwambia. "Mwezi wa tisa."

"Haya, madamu. Nitaazima daftari kwa mtu."

Akanipokea nusu ya madaftari kwa mikono miwili, tukaongozana hadi ofisini, akayaweka mezani, akaenda zake. Usoni hakuwa na lawama hata chembe. Angenilaumu ningejua pa kujitetea.

Mwezi wa tisa ule yeye hakuwepo. Aliacha kuja mwezi wa saba.

Nilipofika nyumbani ndipo swali lenyewe likanirudia zima zima. Alisimama, akauliza kwa Kiswahili katika somo tunalolifundisha kwa Kiingereza, "Madamu, ni kweli mara ya kwanza mtu hapati mimba?" Darasa likaangua kicheko. Nikagonga meza: "Hiyo mada bado, tutafika. Kaa chini." Akakaa. Nakumbuka nilijisifu moyoni kwa jinsi nilivyolituliza darasa.

Anapata. Jibu lilikuwa hilo tu. Neno moja, nilikuwa nalo mdomoni, lisingenimalizia hata chaki. Tangu Jumanne nalitamka nikiosha vyombo, nalitamka nikiwa kwenye daladala. Sijui kama lingebadilisha kitu. Huenda alishachelewa siku ile anauliza, huenda aliyemdanganya alikuwa na maneno mengi kuliko yangu. Lakini aliniuliza mimi. Katika watu wazima wote alionao, alinichagua mimi, tena mbele za watu.

Nimeanza kazi hii mwaka 2016. Mwaka uliofuata Rais Magufuli alisema pale Chalinze kwamba mwanafunzi aliyezaa harudi shule ya serikali, na nimewahi kuandika kwa mkono huu neno "mimba" kwenye rejista, mbele ya majina ya watoto ambao sikuwaona tena. Novemba 2021 Profesa Ndalichako, Waziri wa Elimu wa wakati ule, alipotangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi, nililia kwa furaha. Waraka ukaja: wapewe hadi miaka miwili ya kurejea, wapokelewe. Nikaamini upande wangu umekamilika, kwamba kazi iliyobaki ni kuwapokea vizuri. Huyu nilimpokea vizuri sana. Nilimtafutia hadi dawati. Hili la kabla hajatoka sikuliwaza kabisa.

Jumatano nikalisema ofisini kwa walimu. Kaka yetu wa Uraia, mtu ninayemheshimu na mwenye mabinti wawili, akaweka kikombe chini: "Dada, ukiwaonyesha njia umewaambia waipite. Haya ni malezi ya nyumbani." Wengi wakaitikia. Nikanyamaza, na hilo nalo linanichoma, kwa sababu majibu ninayo. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 kuhusu elimu ya uzazi na jinsia, uliotolewa pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, umepitia tafiti za nchi nyingi na kukuta kwamba elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Utafiti wa afya wa nchi yetu wa mwaka 2022 umekuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba, na hao hawakuonyeshwa njia na walimu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimwona binti wa miaka 15 anafaa kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, mpaka Mahakama ya Rufani ilipokubali mwaka 2019 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Miaka yote hiyo alifaa kuwa mke, ila hakufaa kusikia mimba inaingiaje!

Na malezi ya nyumbani nayajua. Bibi yangu mzaa mama alikuwa kungwi, nami nilichezwa. Nilifundishwa usafi, heshima, na kumtunza mume nisiyemjua bado. Siku za kushika mimba hata bibi mwenyewe alizikosea, Mungu amrehemu. Angalau yeye alikubali kuulizwa. Siku hizi mama anadhani mwalimu atasema, mwalimu anadhani mama kasema, na binti anaambiwa na kijana wa bodaboda.

Ijumaa nikaingia darasani, nikakifunika kitabu. Nikasema leo Kiswahili. Nikaanza na lile neno: anapata, hata mara ya kwanza. Nikaendelea: yai hutoka kabla ya damu, kwa hiyo hata ambaye hajavunja ungo anaweza kushika mimba. Mbegu za mwanaume zaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Kwa msichana wa umri wenu mzunguko mara nyingi haujatulia, anayehesabu siku anabahatisha. Nikaeleza kondomu inazuia nini. Nikaeleza kwamba mtu yeyote akikulazimisha kosa ni lake, na njoo uniambie. Nilitegemea kicheko. Hakikutoka. Mvulana mmoja wa mbele akauliza, "Sasa sisi linatuhusu nini?" na kabla sijafungua mdomo wasichana wanne wakamjibu kwa zamu, kwa hoja, hadi akaandika.

Yeye alikuwa nyuma dirishani, kainama anaandika. Nikaogopa kumtazama nisije nikamfichua mbele ya wenzake. Kumbe mkono umeshapanda.

"Madamu, rudia hapo kwenye siku 5."

Nikarudia, polepole, akaandika, akapiga mstari chini yake kwa rula. Nimetembea kutoka shuleni hadi kituoni bila kuhisi jua. Miaka yote hii ya kufundisha, sijawahi kufurahi hivyo kwa sababu ya mstari mmoja. Kaka wa Uraia kashasikia. Jana kanipigia, tutazungumza kesho, na safari hii sinyamazi.

Nilitaka nilale na hilo. Ila saa tatu usiku dada kanitumia ujumbe kwamba chupa ya matone ya jicho la mama imekwisha, na tuliambiwa ni ya wiki mbili. Ama imemwagika, ama mama anajiwekea mwenyewe usiku akihisi maumivu asiyotaka kutuambia. Nimempigia dada mara nne. Haipatikani.