Siku moja na foko la mtumba

Saa 12 asubuhi. Chai ya rangi, chapati mbili, daladala hadi Vingunguti. Watu wakisikia mimi ni fundi wa foko, yale magari ya kunyanyulia mizigo, wanadhani nashinda nakaza nati. Kumbe nusu ya kazi ni kubishana juu ya oili.

Saa 2 hadi saa 4. Filta mbili, breki moja, basi.

Saa 4 na nusu anaingia mzee mwenye stoo ya saruji, kijana wake nyuma na ndoo ya lita 20. Foko lao la tani mbili na nusu, mtumba wa Japani, ukilitia gia linatafakari kwanza ndipo litembee. "Fundi, mwaga zote, weka hii. Giaboksi, haidroliki, kote. Oili ni oili."

Nasoma ndoo: haidroliki, yaani oili ya mfumo wa kunyanyua, ISO 68, namba ya uzito wake.

Nafungua boliti ya giaboksi. Hii ni otomatiki, inakunywa ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, nyekundu kama juisi ya rosela. Iliyotoka ni ya njano, nzito, inanuka kuungua. "Mzee, kuna aliyenitangulia na ndoo kama yako." Namweleza: klachi za humo zinashikana zikiwa ndani ya oili, na oili ya haidroliki haina dawa ya kuzishikisha, zinateleza, zinaungua. Anasema namtafutia bei. Namwonyesha unga mweusi kwenye chujio. Anampigia shemeji yake, dereva wa lori, ananipa simu niongee naye. Shemeji naye: oili ni oili. Jua la utosini, simu sikioni, mikono imejaa oili.

Nami sikubahatisha. Yapo mafoko ambayo giaboksi yake inataka oili ya injini, SAE 10W. Kibao cha modeli kilikuwa kimepakwa rangi. Dogo alikisugua kwa thina mpaka namba zikasomeka, tukafungua kitabu. ATF. Haidroliki 32 au 46 kufuatana na joto. Kwa Dar hii, 46.

Chakula nilikula sijui saa ngapi. Tukajaza, tukatembeza, tukamwaga tena, maana toki konveta, kile kinachounganisha injini na giaboksi, huficha oili ya zamani. Haidroliki nikapima meno ya kubebea mzigo yakiwa chini. Yakiwa juu, oili imo kwenye silinda, utaongeza mpaka ifurike.

Giza linaingia tukapakia mifuko 40 ya saruji, tani 2. Gia, likaondoka hapohapo. Mzee akalipa kimya, akihesabu noti mara mbili.

Nilikuwa naoga simu ikaita. "Fundi, ile ndoo yangu, kwenye jenereta si inafaa?"