Nani alikufundisha kufuta?

Nimetoka naiti, sijalala, nguo bado ziko kwenye beseni, na maneno ya Sista hayajaniachia nafasi kwa hivyo wacha niyamwage hapa.

Sista mnamjua, yule wetu wa leba wodi. Alhamisi ilikuwa ile siku ya mafunzo ya kupeana maarifa ya kazi kwa mtandao, ambayo tuseme ukweli wengi tuliendea pointi za CPD, zile za kuendelea kusoma ukiwa kazini, juu leseni haijirudishi yenyewe. Kijana wa kompyuta akatufungulia hati moja ambayo wodi nzima inaandika ndani, kila mtu aongeze anachojua kuhusu mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Sista akauliza, "Na nikikosea huko ndani?" Mimi ndiye nilikuwa nimekaa naye, nikasema, "Si unafuta tu, Sista."

Akanigeukia. "Nani alikufundisha kufuta? Kwenye faili ya mgonjwa unapiga mstari mmoja, kosa lisomeke, unasaini, unaweka saa."

Watu wakacheka, kijana pia. Sista akarudisha miwani kwa kifuko na hakugusa ile kompyuta tena. Na aliyenifundisha ni yeye!! Hapo ndipo panauma, angesema mtu mwingine ningeshasahau.

Wiki imekuwa na mambo, binamu ameoa huko Kitui, stima zimepotea mara sijui ngapi, in-charge wetu amepata uhamisho, na mimi bado nimekwama kwa "nani alikufundisha". Nikiwa kwa matatu natunga majibu. Ningemwambia hii si faili ya mgonjwa Sista, hata jina la mgonjwa haliruhusiwi humo, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na habari za afya ya mtu ni nyeti. Jibu zuri kabisa, limechelewa siku kadhaa. Halafu nikifika Donholm nakuta ana haki bado, kwa sababu mtu wa naiti atafuata kilichoandikwa pale, na kikibadilishwa kimyakimya atajuaje?

Basi jana tukapangwa naiti pamoja. Saa tisa usiku wodi imetulia, akasema, "Fungua ile kitu yenu." Nikamwonyesha historia ya mabadiliko, vile kila kilichofutwa kinabaki nyuma na saa yake. Akasogea karibu. "Kumbe! Na huyu Leba Wodi ni nani? Ndiye ameandika yote?" Nikamweleza tuliingia sote kwa akaunti moja ya wodi. "Leba Wodi alisomea wapi? Ana leseni?" Jamani nilicheka mpaka mama wa kitanda cha dirishani akainua kichwa.

Tukamfungulia akaunti yake. Kidole kimoja, herufi moja moja, akaandika kwamba macho hudanganya, damu ikiingia kwa shuka huwezi kuikadiria hata uwe mkunga wa miaka mingapi, ndiyo maana anaamini ile plastiki yenye alama za mililita inayowekwa chini ya mama. (Ule utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, Kenya tulikuwemo pamoja na Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulikuwa wa hiyo plastiki na kuanza matibabu yote kwa pamoja.) Ikifika 500 usisubiri jambo moja lishindwe ndio ujaribu lingine, kanda mji wa mimba, oksitosini ya kuukaza, traneksamiki ya kupunguza kuvuja damu kabla saa 3 hazijaisha tangu mtoto atoke, maji ya mshipa, mkague mama. Mahali pa 500 sifuri moja ikapotea, nikanyoosha mkono nifute, nikapigwa kofi la vidole. Akatafuta mpaka akapata kitufe cha kukata maneno kwa mstari, akakata ile 50, akaandika 500 na herufi za jina lake na saa.

Asubuhi alikuwa ameshawakata watu watatu, na mimi nikiwemo. Nilifurahi kama mjinga.

Ningelala sasa lakini mama hapokei simu tangu jana jioni. Jirani anasema amemwona shambani, sawa, lakini dawa zake za presha zilikuwa ziishe Jumanne na sijui kama ndugu yangu alimpelekea ama alikula ile pesa. Wacha nipige tena.