Kijiko cha Mchicha Mlangoni

Tarehe 6 Mei 2020, ambayo ilikuwa siku ya 12 ya Ramadhani, serikali ya Kenya, ili kuzuia korona, ilitangaza kwamba watu hawataruhusiwa kuingia wala kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, sawa na mtaa wa Eastleigh kule Nairobi, na kwamba masoko na mikahawa ya maeneo hayo itafungwa. Tangazo lilimkuta baba yangu Likoni, ng'ambo ya feri, alikokuwa amekwenda kumuuguza shangazi, dada yake mkubwa aliyekuwa akisumbuliwa na presha. Pengine angewahi kurudi kabla njia hazijafungwa, lakini mama alimwambia kwa simu, "Kaa na wifi yangu, hana mtu. Sisi tutajisitiri." Tukabaki wanne katika nyumba yetu ya Kibokoni, humo Mji wa Kale: mama, bibi mzaa mama, mdogo wangu wa kike ambaye shule yao ilifungwa tangu Machi, na mimi, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ambaye sasa sikuweza hata kufika ofisini.

Katika nyumba yetu kwenda sokoni ni kazi ya baba. Kila asubuhi alikuwa akichukua kikapu na kwenda Marikiti, akarudi na mboga ambazo mama alizikagua jani moja moja kana kwamba ni mtihani. Baba akiwa Likoni, na wale kina mama waliozoea kupita vichochoroni na mabeseni ya mchicha wakiwa wamezuiliwa nje ya vizuizi vya polisi, tulikuta kwamba maduka ya mtaani yana mchele, unga, maharagwe na nazi, ila majani mabichi hayapatikani. Siku ya tatu bibi alikwenda uani, akang'oa kishada kikavu cha mchicha uliojiotea kando ya birika, akaupukuchua viganjani hadi zikabaki mbegu nyeusi ndogo kama baruti, kisha akaniagiza nikate madebe manne ya mafuta, niyatoboe chini, niyajaze udongo na kuyapandisha sakafuni juu ya nyumba. Alizimwaga mbegu zile bila kipimo. Nilipomwambia kwamba zimebanana mno, alinijibu, "Mume wangu, waache waote wengi, tutawapunguza. Mchicha wa kupunguza ndio mtamu." Maji ya kumwagilia yalikuwa yale ya udhu wake, ambayo alianza kuyakinga kwenye beseni mara tano kwa siku.

Mbegu zilichomoza siku ya tano. Sijui kama niliwahi kukitazama kitu cha kula kwa makini kiasi kile. Misikiti ilikuwa imefungwa, tarawehe tukiziswali sebuleni nami nikiwa imamu kwa kukosekana baba, baraza zilikuwa tupu, na mtu aliyetoka kununua mkate alirudi haraka akanawa mikono kama anayetoka kuosha maiti. Sakafuni ndipo mahali pekee nilipoweza kusimama nikaona kitu kinachosogea mbele.

Kisha mama akaugua. Ilikuwa usiku wa kuamkia siku ile ambayo tulisikia kwamba kufungwa kwetu kumeongezwa hadi tarehe 6 Juni. Aliamka daku akiwa na homa na maumivu ya viungo, akaonja uji, akarudi chumbani na kufunga mlango kwa ndani. Hakuna aliyelitamka jina la ugonjwa. Tulimpigia simu muuguzi mmoja ambaye ni jamaa yetu, naye akatuambia mama akae peke yake, vyombo vyake vitengwe, bibi asimkaribie kabisa, na tuangalie sana pumzi zake. Pumzi zikibadilika, tusingoje. Tulipaswa pia kuitoa taarifa kwa watu wa afya, na hatukufanya hivyo. Sijivunii jambo hilo. Habari za watu waliopelekwa karantini, wakakaa zaidi ya siku walizoambiwa, na wengine wakadaiwa malipo kabla ya kutoka, zilikuwa zimetutia hofu kuliko homa yenyewe. Muuguzi aliuliza pia kama mama anasikia harufu na ladha, maana kuzipoteza ilikuwa mojawapo ya dalili. Mama alijibu kutoka ndani kwamba mdomo wake ni mchungu tu na hataki chakula, jibu ambalo halikutusaidia kitu.

Ijumaa ya tarehe 22 Mei bibi alipanda ngazi polepole, akatazama madebe, akasema ni wakati wa kupunguza. Tuling'oa miche midogo ya urefu wa kidole, tukaikata mizizi, nikaiosha kwa maji matatu kwa sababu mchanga wa madebe hauishi upesi. Mpishi nilikuwa mimi, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa akikaanga kaimati na bibi hawezi tena kusimama mbele ya jiko. Mama alinifundisha akiwa nyuma ya mlango, na kwa kweli mchicha wa nazi hauna ufundi mkubwa. Nilikuna nazi moja, nikakamua tui zito nikaliweka kando, nikakamua tena tui jepesi. Katika sufuria niliweka kitunguu kilichokatwa, tungule mbili, pilipili mbichi moja nzima na manjano kidogo, nikavichemsha kwa tui jepesi hadi tungule zikalainika. Ndipo nikatia mchicha. Sinia iliyojaa majani ilinywea mbele ya macho yangu hadi ikawa haizidi bakuli moja, na mimi nilikuwa nimeshaitilia chumvi ya sinia nzima. Mwisho nilimimina tui zito huku nikikoroga bila kupumzika, maana mama alikuwa akiniuliza kila dakika, "Unakoroga? Tui lisikatike."

Tatizo lilikuwa kuonja. Sote watatu tulikuwa tumefunga. Bibi alisema mpishi anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema, lakini mimi sikuwa na uzoefu wa kutema bila kumeza, nami nilichelea saumu ya siku ya 28 baada ya kuzitimiza zote zilizotangulia. Mtu pekee asiyefunga ndani ya nyumba alikuwa mama. Nilitia mchicha kijiko kimoja kwenye kisahani, nikakiweka chini mbele ya mlango, nikagonga, nikarudi nyuma hadi mwisho wa ukumbi. Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, mlango ukafungwa. Tukangoja. Bibi alikuwa kwenye mswala wake na tasbihi, na niliona vidole vyake vimesimama.

"Nani aliyetia chumvi hii?" sauti ya mama ikatoka, kavu na yenye hasira zake za kila siku. "Huu ni mchicha au samaki wa ng'onda? Ongeza tui, na ndimu usitie."

Bibi alisujudu pale pale. Mdogo wangu aliacha kaimati zikaungua upande mmoja. Nilikuna nazi ya pili huku kamasi zikinitoka, nikasingizia kitunguu ingawa nilikwisha kukikata saa nzima kabla. Baba alipopiga simu kabla ya maghribi, kama alivyofanya kila siku, akiuliza tumepika mboga gani, nilimwambia kwamba nimepika mchicha na mama amelalamika chumvi imezidi. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniomba nirudie.

Homa ilimwacha mama siku ya Idi. Haikuwahi kujulikana ilikuwa homa gani, nasi tulikaa ndani siku zote zilizobaki bila kumkaribia mtu. Njia zilipofunguliwa mwezi wa Juni, baba alirudi na kikapu kilichojaa mboga za Likoni, akapanda sakafuni kabla hajanywa hata maji. Alisimama mbele ya yale madebe, ambayo hata baada ya kupunguzwa mara tatu yalikuwa bado msitu, akauliza ni nani aliyepanda mchicha kwa kubananisha hivyo. Bibi alijibu kutoka chini ya ngazi kwamba ni yeye. Baba, ambaye hajapata kumpinga mkwewe hata mara moja, akasema umepandwa vizuri sana.