Kiganja Juu ya Almasi

Jana jioni binti yangu alisimama mlangoni na daftari lake la hesabu, akaniuliza: "Mama, mmoja akipata 20 na mwenzake 80, wastani ni 50. Sasa hiyo 50 ni ya nani?" Sikumjibu papo hapo, kwa sababu mawazo yalikuwa yamenirudisha katika chumba kile cha juu, nilipokuwa nikimalizia mapitio ya tafiti za maji safi, vyoo na unawaji mikono.

Kuzikusanya tafiti na kuzichuja kulichukua miezi. Siku hiyo nilikuwa nimechapisha mchoro wa majumuisho: kila utafiti na mstari wake na kijisanduku chake, na chini kabisa ile almasi nyeusi inayobeba jibu la jumla, yaani wastani wa tafiti zote. Mwalimu wangu aliutandaza mezani, akavua miwani, kisha akaifunika almasi kwa kiganja chake chenye vumbi la chaki. "Sasa nisomee, binti yangu."

Nikasoma. Bangladesh, kuharisha kwa watoto kulikuwa asilimia 5.7 katika kundi la ulinganisho, lile lisilopata huduma hizo, na 3.9 kwa watoto wa kaya zilizopata huduma zote tatu. Kenya, kule Bungoma, Kakamega na Vihiga, kulikuwa takriban asilimia 27, na hakukupungua. Zilikuwa tafiti pacha, na matokeo yake yalitoka mwaka mmoja, 2018.

"Wahamasishaji, wale waliohimiza kaya kuzitumia huduma hizo, walizitembelea mara ngapi?" mwalimu akauliza.

Bangladesh, kama mara sita kwa mwezi. Kenya, mara moja. Nilikuwa nimeliandika jambo hilo katika daftari langu, lakini almasi haikuwa na mahali pa kuliweka. Kiganja hakikuondoka mpaka nilipoinua macho.

Tulianza jedwali jipya, kwa njia aliyoieleza mwanasosholojia Mmarekani Charles Ragin mwaka 1987: kila utafiti na safu yake, kila sharti na safu wima yake, ili tuone ni masharti gani yakikutana ndipo afua, yaani hatua za kuboresha afya kama hizi, hufaulu. Njia hiyo inafaa kwa afua ambazo sehemu zake hutegemeana, ila tafiti zetu zilikuwa chache kuliko michanganyiko ya masharti, na michanganyiko mingi ikabaki bila utafiti hata mmoja. Nilishawishika, na hata leo ninashawishika, kwamba zile ziara zilikuwa na uzito. Lakini nchi hizo mbili zinatofautiana kwa mengi, na jedwali halikuweza kuyatenganisha.

Nilimwambia binti yangu aandike 50, na chini yake aandike 20 na 80 zenyewe. Aliandika, akafunga daftari, akabaki ananitazama.